Kubisha hodi: kutoka hongo ya mtemi mpaka skripti ya Bongo Movie

Wadau, mwangaluka! Kwa wasiojua, hiyo ni salamu ya asubuhi ya kwetu Igunga, na unaijibu hivyo hivyo: mwangaluka. Nimeanza nayo makusudi, kwa sababu leo nataka tuongelee adabu ya kubisha hodi kwa watu wakubwa, na kwetu huwezi kumfikia mkubwa yeyote kabla hujasalimia.

Hapa chuo kuna wimbi la watu kuandika skripti. Kila hosteli ina mtunzi wake. Kuna mshkaji wa mwaka wa tatu ana tamthilia ya vipindi 26 kwenye kompyuta, kuna dada mmoja wa kwetu kabisa, upande wa Manonga, ameandika filamu nzuri mno kuhusu binti anayetaka kuendelea na shule msimu wa pamba ukiwa umeharibika. Mimi nimeisoma yote, kurasa tisini na kitu, na usiku ule sikulala mapema. Tatizo haliko kwenye kuandika. Tatizo ni pale unapomaliza: unampelekea nani, unampelekeaje, na yeye ana wajibu gani kwako? Huyo dada alituma kazi yake yote kwa WhatsApp kwenye kampuni moja (jina siweki), akajibiwa mambo mawili: alipe "ada ya kusoma", halafu aende mwenyewe "kujadili skripti" saa mbili usiku, na si ofisini. Hakwenda. Lakini skripti wanayo.

Sasa sisi wa Elimu tunaosoma Historia tuna ugonjwa mmoja: tukisikia jambo la leo tunauliza jana lilikuwaje. Na mimi nasema kwetu Tabora hili jambo la mtu mdogo kubisha hodi kwa mwenye mlango ni la zamani sana, na wazee walikuwa na kanuni zake. Tena kanuni za pande zote mbili.

Twende karne ya 19. Njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikakata Mgunda Mkali, ikaingia Tura na Kigwa mpaka Tabora, halafu ikaendelea Ujiji. Igunga yetu iko juu kidogo, kaskazini-mashariki, upande wa mbuga ya Wembere, kwa hiyo njia kuu ilipita kusini kwetu. Ila wapagazi walitoka Unyamwezi yote, na kubeba mzigo mpaka pwani ilikuwa ni sehemu ya kijana kuhesabiwa mwanaume. Mzigo wenyewe ulikuwa kama frasila mbili, yaani karibu kilo 30 na zaidi, kichwani au begani, miezi na miezi.

Msafara haukuingia tu kwenye nchi ya mtu. Mkifika mpakani mnapiga kambi, mnatuma wajumbe wanaojua lugha na desturi, wanaeleza ninyi ni nani, mnatoka wapi, mnaenda wapi, mna mzigo kiasi gani. Hapo ndipo maongezi ya hongo yanaanza: vitambaa vya merikani na kaniki, shanga, nyaya za shaba. Ugogo ndiko kulikoogopwa kuliko kote, maana maji ni machache na watemi walijua thamani ya visima vyao. Mngeweza kukaa siku kadhaa mkibishania doti chache. Lakini mkishamalizana mnapata haki yenu: maji, ruhusa ya kununua chakula, na njia.

Angalieni hilo neno hongo. Leo ukisema hongo watu wanaelewa rushwa. Wakati ule ilikuwa ni ushuru wa njia. Ilitolewa mchana, mbele ya watu, kwa maongezi ambayo kila mpagazi aliyasikia, na aliyepokea alibaki na deni la kuwapitisha salama. Nitalirudia hili mbele, lishikeni.

Kanuni ya pili ilikuwa barua, au tuseme mdhamini. Burton na Speke walipofika Tabora mwezi Novemba 1857 (wakati huo waliita Kazeh), hawakuwa watu waliookotwa njiani. Walikuwa na barua za mtawala wa Zanzibar, na wakapokelewa na mfanyabiashara wa Kiarabu aitwaye Snay bin Amir, aliyewapa nyumba na kuwasaidia kupata wapagazi wapya. Bila jina la mtu anayeheshimika nyuma yako, ungebaki kambini unahesabu nyota. Tippu Tip mwenyewe, ambaye baba yake aliishi Tabora na kuoa kwenye ukoo wa mtemi Fundikira, hakuanza na mali yake. Alijijengea jina kwa misafara midogo kwanza, na baadaye Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Zanzibar, akawa anamkopesha bidhaa za misafara mikubwa. Taria alimtazama huyo kijana amerudi mara ngapi na amelipa vipi. Leo tunaita hiyo si-vii, hahaha.

Kanuni ya tatu naipenda kuliko zote: makubaliano kabla ya kunyanyua mzigo. Bagamoyo kulikuwa na mawakala waliokusanya wapagazi kwa ajili ya wasafiri, na maarufu wao ni Sewa Haji Paroo, aliyefariki 1897, ambaye ukitaka watu na bidhaa za safari ulikwenda kwake. Kwa lugha ya leo huyo ndiye wakala wa vipaji wa kwanza tunayeweza kumtaja kwa jina, ila vipaji vyenyewe vilikuwa mabega. Mpagazi wa Kinyamwezi alikubaliana ujira kabla ya safari, sehemu alipewa mkononi kabla hajaondoka, na posho ya njiani ilijulikana. Wakipunjwa posho, waliweka mizigo chini. Ikishindikana kabisa walitoroka usiku, na bwana mkubwa akaamka na mizigo mia haina wabebaji. Watu wanawasimulia wapagazi kama wanyonge tu, lakini wale jamaa walijua kugoma kabla hata ya kuwepo chama cha wafanyakazi hapa nchini.

Na mwenye mlango akikosewa adabu? Muulizeni Stanley. Mwaka 1871 alifika Tabora akakuta Mirambo na Waarabu wa Tabora hawapatani na njia ya Ujiji imefungwa. Akajiingiza upande wa Waarabu kwenye vita, wakapigwa, ikabidi azunguke kusini kumfikia Livingstone Ujiji. Mwaka 1876 aliporudi maeneo yale, alimwendea Mirambo kistaarabu, wakakutana na kuchanjiana udugu. Mtu yule yule, mlango ule ule, hodi tofauti.

Sasa filamu zinaingiaje hapa? Reli ilifika Tabora 1912, misafara ya miguu ikafa, lakini mtindo wa mtu kushika mlango haukufa. Filamu za kwanza za Kiswahili zilizotengenezwa kwa mpango hapa kwetu ni zile za mradi wa Vugiri, milima ya Usambara, kati ya 1935 na 1937, chini ya Notcutt na Latham, kwa fedha kubwa ya shirika la Carnegie la Marekani. Walitoa filamu fupi zaidi ya thelathini: kodi, minyoo, akiba ya posta, kilimo. Wakazizungusha kwa lori nchi kadhaa za Afrika Mashariki na Kati. Waafrika waliigiza, walitafsiri na kusaidia kazi za mitambo, lakini filamu itahusu nini kiliamuliwa na wakubwa. Hapakuwa na mlango wa mtunzi kubisha.

Miaka ya 1950 ikaja kampuni ya Afrika Kusini iliyofanya kazi na serikali ya kikoloni, wakapiga filamu za Kiswahili, na nyota wao alikuwa kijana mmoja aliyesoma Tabora, mtumishi wa serikali: Rashidi Mfaume Kawawa. Ndiyo, Simba wa Vita mwenyewe! Aliigiza Muhogo Mchungu mwaka 1952. Miaka kumi baadaye, Januari 1962, ndiye Waziri Mkuu wa Tanganyika. Mnaona basi, wale wanaosema kuigiza ni kupoteza muda hawajui waziri mkuu wao alianzia wapi.

Baada ya uhuru mlango ukahamia serikalini. Kampuni ya Filamu Tanzania ilianzishwa 1968, na mwaka 1976 Bunge likapitisha Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Namba 4, ambayo inamtaka anayetaka kupiga filamu kuomba kibali na kuonyesha maandishi ya kile atakachokipiga. Kwa hiyo skripti kusomwa na mkubwa kabla ya kamera kuwashwa si jambo geni, liko kwenye sheria. Filamu zenyewe zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Arusi ya Mariamu ya 1985 ni mojawapo ya chache ambazo bado zinatajwa.

Televisheni zilipoanza Tanzania Bara 1994, mlango ukawa kikundi. Ulitaka kuingia, ulikwenda mazoezini, unakaa nyuma, unabeba viti, unangoja nafasi. Steven Kanumba, kijana wa Shinyanga jirani zetu kabisa, alijiunga na Kaole Sanaa Group mwaka 2002 na kupitia hapo nchi nzima ikamjua, mpaka alipofariki Aprili 2012. Halafu kuanzia 2003 hivi kanda na sidii za Bongo Movie zikashika soko, na mlango ukahamia Kariakoo kwa wasambazaji. Huko utaratibu ulikuwa kuuza masta: unachukua fedha mara moja, filamu inakuwa ya msambazaji. Mtunzi wa hadithi mara nyingi hakuwepo hata kwenye mazungumzo. Skripti yenyewe wakati mwingine ilikuwa karatasi mbili, waigizaji wanajazia wenyewe mbele ya kamera.

Kwa wenzetu Hollywood mlango una mlinzi anayelipwa: wakala. Ofisi ya William Morris ilianza 1898, CAA ilianza 1975, na mpaka leo kampuni kubwa za filamu hazipokei skripti kutoka kwa mtu wasiyemjua. Inarudishwa haijafunguliwa. Si kwa dharau tu, wanaogopa kesi: wakiisoma leo na kesho wakatoa filamu inayofanana, utawashtaki. Kwa hiyo adabu yao ni kwamba unaandika barua fupi ya ukurasa mmoja, unajieleza na kueleza hadithi yako kwa sentensi chache, unaomba ruhusa ya kutuma. Wakisema tuma, ndiyo unatuma. Wakala anachukua asilimia 10 ya utakacholipwa, na sheria ya California inamkataza kukutoza ada ya kukuandikisha. Yaani hali mpaka ule wewe. Na wakala mwenyewe akivuka mipaka, watunzi wanajua la kufanya: mwaka 2019 maelfu ya wanachama wa chama cha watunzi wa Marekani waliwafukuza mawakala wao kwa mpigo, wakidai wanakula pande mbili. Wapagazi wetu wangewaelewa vizuri kabisa.

Kuna kesi moja kila mtunzi aijue. Wote tumeiona Coming to America ya Eddie Murphy, ya 1988, mwana wa mfalme wa Afrika anakwenda kutafuta mchumba New York. Mwandishi Art Buchwald alikuwa ameuza wazo la hadithi ya namna hiyo kwa Paramount miaka ya mwanzo ya 1980, kurasa chache tu. Filamu ilipotoka bila jina lake akaenda mahakamani, na mwaka 1990 jaji akampa haki. Lakini sikilizeni vizuri: hakushinda kwa sababu wazo ni lake. Alishinda kwa sababu alikuwa na mkataba uliosema filamu ikitokana na kazi yake atalipwa. Halafu Paramount wakasema filamu ile, pamoja na mamilioni yote yale, haikupata faida halisi! Jaji alikataa hesabu hiyo, na 1992 Buchwald akapewa dola 150,000, mwenzake mtayarishaji Alain Bernheim dola 750,000. Tangu nisome hiyo kesi, nikisikia mtu ameahidiwa "asilimia ya faida" bila kuelezwa faida inahesabiwaje, nacheka kwa huzuni.

Haya, turudi hapa kwetu. Sisi hatuna mawakala wa namna ile kwa wingi. Mtayarishaji, msambazaji, kituo cha televisheni na wakala mara nyingi ni mtu mmoja na simu yake. Kwa hiyo tukusanye adabu za wazee na za wenzetu tuone zinatufaa vipi.

Moja, maliza kazi kwanza. Mpagazi hakukubaliana ujira wa mzigo ambao haujafungwa. Mtu anayesema "nina wazo kali sana bro" hana kitu, kwa sababu hata sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya 1999, inalinda kazi iliyoandikwa, hailindi wazo tupu. Ukishaandika, haki ni yako tangu pale, na inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Wajukuu watakula.

Mbili, weka ushahidi. Sheria haikulazimishi kusajili ndiyo haki iwe yako, lakini kusajili kazi COSOTA (siku hizi Ofisi ya Hakimiliki) kunakupa karatasi ya kuonyesha siku ya ugomvi. Tunza rasimu zote zenye tarehe. Mali bila daftari huisha bila habari.

Tatu, mjue unayemwendea. Tazama filamu zake mbili tatu. Kumpelekea mtu wa vichekesho skripti ya vita vya Mirambo ni sawa na kufika Ugogo bila mkalimani. Kama kuna mwalimu wako au msanii anayemfahamu, muombe akutaje. Hiyo siyo kujipendekeza, ndiyo ile barua ya Kazeh.

Nne, usitupe kazi nzima mlangoni. Ujumbe mfupi, salamu, jina lako, hadithi kwa sentensi tatu, ukurasa mmoja wa muhtasari. Tuma kwa barua pepe, si kwenye kundi la WhatsApp la watu 200. Wakiitaka yote, tuma huku umeandika kwamba unawapa kuisoma tu. Halafu tulia. Msafara ulikaa kambini siku kadhaa, wewe unatuma saa nne asubuhi na saa sita unauliza "vipi mkuu mbona kimya?" Ngoja wiki nne au sita, kumbusha mara moja kwa heshima. Ukikataliwa shukuru, mlango huo huo unaweza kuuhitaji mwakani.

Tano, kubaliana kabla ya kunyanyua. Kiasi gani, kinalipwa lini, jina lako litaandikwaje, na unauza nini: ruhusa ya filamu moja, au masta pamoja na hadithi milele? Kwa maandishi. Wanaosoma Sheria hapa chuo wapo, chai na chapati mbili zinatosha kumpata mmoja akusomee mkataba.

Mpaka hapo nimeongelea adabu ya mgeni tu, na makala nyingi za namna hii huishia hapo, kana kwamba mwenye mlango hana adabu ya kutakiwa. Ndiyo maana nilisema mlishike lile neno hongo. Mtemi aliyepokea hongo alipokea mchana, mbele ya watu, kwa kitu kinachojulikana, na baada ya hapo alikuwa na deni la maji na njia salama. Anayekutoza "ada ya kusoma" kwenye simu yake binafsi bila risiti hana deni lolote kwako. Na anayemwambia binti aje usiku kujadili skripti nyumba ya wageni si mtemi, ni mnyang'anyi wa Mgunda Mkali. Hilo siyo suala la adabu tena, ni jinai: Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, Namba 11 ya 2007, kifungu cha 25, inamtaja mtu anayetumia mamlaka yake kudai ngono ili atoe kazi, haki au upendeleo. Ofisi za TAKUKURU ziko mpaka wilayani. Tunza meseji, usifute hata moja.

Na ninyi kaka zangu mnaosema "si angeenda tu, hiyo ndiyo sanaa", naomba tuelewane. Mpagazi aliyepunjwa posho aliweka mzigo chini, na wenzake wakaweka yao pia. Ndiyo maana walisikilizwa. Angeweka peke yake wangemwacha porini na msafara ungeendelea.

Kwa dada yangu wa Manonga: kusajili bado inawezekana kabisa, na kuna dirisha la mashindano na mafunzo ya watunzi kama Maisha Film Lab, aliyoianzisha Mira Nair kule Uganda mwaka 2004 kwa ajili ya watu wa Afrika Mashariki. Hapo wanaosoma skripti wanajulikana kwa majina na masharti yameandikwa. Ukitaka watu wa kukusindikiza popote pale mchana, mimi na washkaji wa chumba tupo.

Wengine mnaoandika, njooni Jumamosi jioni pale kwenye vimbweta nyuma ya maktaba, kila mtu na ukurasa mmoja wa muhtasari wake. Tusomeane kabla hatujabisha hodi kwa mtu. Maoni wekeni hapo chini, matusi bakini nayo.